Mtoto Mchaguzi wa Chakula Katika Karamu ya Siku Kuu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kwa wengine laonekana dogo, hata lachekesha, lakini katika nyumba nyingi lageuza siku ya furaha kuwa siku ya machozi. Jambo lenyewe ni mtoto mchaguzi wa chakula: yule ambaye siku ya karamu, iwe ni Noeli, iwe ni Pasaka au Idi, jamaa wote wamekwisha kusanyika na sinia zimeletwa, yeye hukunja uso, hufumba kinywa na kusema, "Sitaki."

Kazi yetu ni ualimu katika chuo cha waalimu, na kwetu ni Tosamaganga, yapata kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Kila mwaka twawafundisha vijana namna ya kulea akili za watoto. Walakini jambo tutakalolinena leo hatukujifunza chuoni. Tulijifunza mkekani, katika karamu, mbele ya jamaa zetu, tena kwa aibu. Twalisimulia ili mwenye kusikia asipitie njia ile ile.

Mwaka mmoja, siku ya Noeli, tulikwenda sote, mume na mke na watoto, kwa mama yetu mzazi kijijini. Mvua za Desemba zilikuwa zimeanza na mahindi yamechipua. Mama alikuwa amemfuga jogoo mmoja tangu wakati wa baridi, na kila mgeni aliyepita uani alimwambia, "Huyu ni wa mjukuu wangu." Mjukuu huyo ndiye binti yetu wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka minne. Nyumbani alikuwa akila ugali, maharage, viazi, ndizi na maziwa. Zaidi ya hayo hakuna alichokubali. Nasi tulikuwa tumekwisha choka kushindana naye, tukamwacha.

Misa ilikwisha saa 6 mchana. Zikafuata salamu uwanjani, kisha chai na maandazi kwa jirani wa kwanza, kisha soda kwa jirani wa pili. Chakula chenyewe kiliandaliwa saa 9 alasiri. Wanaume walikaa kwao, wanawake kwao, na watoto wakaketi mkekani kuzunguka sinia moja kubwa ya pilau, juu yake kuku wa mama, na kando bakuli la mnafu. Binti akatazama, akauliza, "Maharage yangu yako wapi?" Watu wakacheka. Shangazi yake mmoja akanena, "Mtoto wa mwalimu huyo! Amelelewa kama yai." Neno hilo lilituchoma.

Basi tukainuka, tukachukua kipande cha nyama, tukamwamuru ale. Akafumba kinywa. Tukamshika kidevu, tukamtia nyama kinywani kwa nguvu. Mtoto akapaliwa, akalia, akatapika pale pale mkekani. Mama hakusema neno. Aliichukua sahani, akaenda nayo jikoni, wala hakuja kuketi nasi tena mpaka jua lilipokuchwa. Na tangu siku ile, kila tulipotaja safari ya kwenda kwa bibi, binti alijibu, "Siendi. Kwa bibi kuna kuku."

Fikirini, wasikilizaji. Jogoo aliyefugwa miezi sita ili awaunganishe bibi na mjukuu wake, sisi ndio tuliomfanya kuwa ukuta kati yao. Ndipo tulipoanza kujiuliza, kuwauliza wauguzi na kusoma, ili tupate kujua mtoto wa namna hii ana nini, na yatupasa tufanyeje.

Kwanza tujiulize: kwa nini mtoto hukataa chakula? Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni madeko au ukaidi. Lakini ziko sababu nyingine, na mwenye kutibu kabla ya kujua ugonjwa hutibu kwa kubahatisha.

Sababu ya kwanza ni kukua kwenyewe. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa kilo 3 aghalabu hufika karibu kilo 9 atimizapo mwaka mmoja, yaani mara tatu ya uzito wake wa kwanza. Lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 tu, au 2 na nusu. Mwili uliokuwa ukienda mbio sasa unatembea, nao hauhitaji chakula kwa kadiri ile ile. Mama humwona mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli sasa analibakiza, naye huingiwa na hofu, huanza kumlazimisha. Kumbe mtoto hana neno. Tumbo lake lamwambia kweli.

Sababu ya pili ni hofu ya chakula kigeni. Hofu hii huwa kubwa kati ya umri wa miaka 2 na 6, kisha hupungua kidogo kidogo. Tusimcheke mtoto kwa hofu hiyo, maana hata sisi wazima tunayo. Mtu wa milimani kwetu akishuka Pwani akaandaliwa pweza, hutazama ile mikono yake minane akasema ameshiba. Na mtu wa Pwani akija kwetu mvua za kwanza zinyeshapo, akaletewa kumbikumbi waliokaangwa, ambao watoto wetu huwakimbilia kwa shangwe, yeye huomba maji ya kunywa. Hakuna kati yao aliye mkaidi. Kila mmoja ulimi wake umefundishwa kwao.

Sababu ya tatu ni kwamba ndimi hazilingani. Wako watu waliozaliwa wakisikia uchungu kwa ukali kuliko wengine, na jambo hili hurithiwa kama urefu wa mwili unavyorithiwa. Tena watoto kwa jumla huusikia uchungu kuliko wazee. Mnafu ambao kwa baba ni kitoweo kitamu, kwa mtoto huweza kuwa kama dawa ya homa.

Sababu ya nne ni siku yenyewe. Tazameni mtoto wetu alivyofika kwenye sinia siku ile. Alikuwa ameamka alfajiri, amekaa kanisani saa nyingi, amezungukwa na watu asiowajua wanaomshika mashavu. Alikuwa amekula maandazi mawili na kunywa soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya kadiri ya vijiko 9 vya chai. Mtoto wa miaka minne akiisha kunywa hiyo, njaa atoe wapi? Sisi tuliona mtoto asiye na adabu. Kumbe alikuwa mtoto aliyechoka, aliyejaa sukari, tena mwenye woga, aliyewekewa mbele yake vyakula vitatu asivyovijua.

Sababu ya tano ni maradhi. Minyoo, malaria, upungufu wa damu, vidonda vya kinywa na meno mabovu, yote haya huondoa hamu ya kula. Habari yake tutaieleza mwishoni, maana haifai kusahauliwa.

Pengine msikilizaji mmoja atasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Mtoto asiyetaka aachwe, njaa itamfunza." Neno hilo lina ukweli wake, wala hatulidharau. Lakini tutazame hali ya nchi yetu. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5 nchini, 30 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao ulivyostahili. Katika Mkoa wa Iringa idadi hiyo ilikuwa 57 katika kila 100, nayo ilipita mikoa mingine yote. Na kwa jirani zetu wa Njombe ilikuwa 50. Nasi ndio watu wa nyanda zinazosifiwa kwa kulisha nchi! Magunia ya mahindi hutoka kwetu, viazi hutoka kwetu, maharage hutoka kwetu, na watoto wetu ndio wafupi.

Hatusemi kwamba kuchagua chakula ndiko kulikowadumaza. La, sababu ni nyingi: uji mtupu wa mahindi usio na karanga, maziwa wala yai, kazi za shambani zinazomwacha mama bila saa ya kumlisha mtoto, maradhi ya mara kwa mara, na nyingine huanza mtoto angali tumboni. Twasema hivi tu: mtoto ahitaji vyakula vya namna nyingi. Shirika la Afya Duniani hupima chakula cha mtoto wa miezi 6 mpaka 23 kwa kuhesabu makundi 8, maziwa ya mama yakiwa kundi moja, na humtaka apate makundi 5 angalau kila siku. Sasa mtoto ambaye kinywa chake kimefundishwa kuogopa, hata baba akiuza gunia akanunua samaki, hatamla. Kwa hiyo kumfundisha mtoto kupenda vyakula vingi si anasa. Ni sehemu ya malezi, kama kumfundisha kusema na kutembea.

Je, twamfundishaje? Hapa yafaa tusimulie habari moja ya kale. Katika miaka ya 1920 alikuwako Marekani daktari mwanamke jina lake Clara Davis. Yeye alichukua watoto wachanga walioachishwa maziwa karibuni, akawaacha wajichagulie chakula. Alitangaza habari zao za kwanza mwaka 1928, na mwaka 1939 alieleza habari za watoto 15. Waliwekewa vyakula zaidi ya 30 vya asili, yaani nyama, samaki, mayai, maziwa, nafaka, mboga na matunda. Muuguzi aliketi na kijiko mkononi, wala hakuruhusiwa kumbembeleza mtoto wala kumkataza. Alimpa kile tu ambacho mtoto alikinyoshea mkono. Watoto wale walikula kwa namna za ajabu, leo mayai matupu, kesho ndizi, wala hapana wawili waliofanana. Lakini wote walikua wakiwa na afya njema.

Watu wengi waliosikia habari hiyo walisema, "Basi mtoto ajua mwenyewe, na aachwe ale apendacho." Lakini daktari Davis mwenyewe alionya kwamba siri ilikuwa katika vyakula vilivyowekwa. Sukari haikuwamo, wala vitu vitamu vya dukani. Wakubwa ndio waliochagua kitakachoandaliwa. Watoto walichagua katika hivyo. Na miaka mingi baadaye mtaalamu mwingine wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi hii kwa maneno mepesi, nasi twayapenda: mzazi huamua chakula gani, saa gani na mahali gani, mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Mzazi akiingia katika kazi ya mtoto, huzuka vita. Mtoto akiachiwa kazi ya mzazi, huzuka njaa iliyojificha ndani ya shibe. Sisi tulikuwa tumekosa pande zote mbili: siku za kazi tulimwachia kazi yetu, na siku kuu tukamnyang'anya kazi yake.

Sasa tuje kwenye matendo. Tutayapanga kama yanavyokuja: kabla ya siku kuu, siku yenyewe, na pale kwenye sinia.

Kabla ya siku kuu, mwanzeni mtoto mapema. Wenye kuchunguza habari za watoto wameona kwamba chakula kigeni aghalabu huhitaji kuonjwa mara 8 mpaka 15, pengine na zaidi, kabla mtoto hajakikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakasema, "Huyu hapendi samaki." Hawajui kwamba walikuwa wangali njiani. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo, ikiwa karamu itakuwa na kuku na pilau, basi wiki kadha wa kadha kabla, mwekeeni mtoto kipande cha kuku kama punje ya hindi, kando ya chakula akipendacho. Akikitazama tu, yatosha kwa leo. Akikigusa, vema. Akikilamba akakitema, ameonja. Kesho kutwa mwekeeni tena, pasipo maneno.

Si lazima kuchinja kila wiki. Mchuzi kidogo ukipatikana watosha, na pilau yaweza kupikwa kwa kikombe kimoja cha mchele Jumapili moja, bizari zikiwa chache. Mboga chungu kama mnafu zikiungwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa maziwa, uchungu hupungua. Wala msimwahidi mtoto pipi ili ale mboga. Mtoto si mjinga. Akilipwa kwa kula mboga atajua kwamba mboga ni kazi ngumu, na pipi ndicho chakula cha kweli.

Tena mpeni kazi jikoni. Mtoto wa miaka minne aweza kumenya njegere, kuchambua mchele, kuosha viazi na kuchukua chumvi. Vidole vikiisha kuzoea kitu, kinywa hakishtuki sana. Na chakula alichokipika yeye, hata kama kazi yake ilikuwa kuosha kiazi kimoja, hutaka kukionja ili ajue kazi yake imekuwaje.

Jambo jingine la kabla ya siku kuu lahusu wazee. Kwetu, kukikataa chakula cha mzee huonekana kuwa dharau, na desturi hiyo ni nzuri, kwa kuwa mwenye kukupa chakula amekupa jasho lake. Basi msimwache mzee akutane na jambo hili ghafula mbele ya wageni. Mwendeeni mapema, mkamwambie kwa heshima: "Mama, mjukuu wako angali anajifunza kula. Asipokula kila kitu siku ile, si kwamba amekudharau. Tusaidie kumfundisha." Mzee akiombwa msaada huwa mwalimu, akiachwa bila kuambiwa huwa hakimu.

Siku yenyewe, tazameni saa. Ikiwa mwajua kwamba karamu haitaiva kabla ya saa 9, mpeni mtoto chakula chake cha kawaida mapema, kama uji wa ulezi au ugali kidogo saa 4 au 5, kisha asile hiki na kile njiani. Akiona kiu, maji yatosha. Soda ikiwa ipo, na ije baada ya chakula. Na ikiwezekana, alale kidogo kivulini. Mtoto aliyelala na mwenye njaa ya kiasi ni mtoto mwingine kabisa.

Pia ombeni kwamba katika karamu pawepo chakula kimoja ambacho mtoto akijua. Si sufuria ya peke yake, maana kumpikia mtoto chakula chake kila mara ni kumjengea ukuta. Lakini viazi, ndizi au maharage ni vyakula vya watu wote. Vikiwapo kati ya vingine, mtoto huona mahali pa kuanzia.

Sasa tumefika kwenye sinia. Watoto wengi wakila pamoja, mwepesi hupata na mzito hukosa, na mtoto mwenye hofu ni mzito. Basi mgawieni sahani yake, mwekeni karibu na mwenzake wa rika lake alaye vizuri. Nanyi wanafunzi mnaotusikia, hapa pana kazi yenu. Mtoto mdogo humtazama kaka yake na dada yake kuliko amtazamavyo mwalimu. Kuleni mbele yake kwa furaha, wala msimcheke. Mkimcheka mtakuwa mmemfunga kinywa kwa kufuli.

Chakula kiwe kidogo sahanini. Kipimo chepesi cha kukumbuka ni kijiko kimoja cha kila chakula kwa kila mwaka wa umri: mwenye miaka mitatu, vijiko vitatu. Akitaka zaidi ataongezwa. Mlima wa pilau humtisha mtoto hata kabla hajaonja. Kwa wadogo wa chini ya miaka 5, ondoeni mifupa na miiba, wala msiwape karanga nzima, maana huweza kuwapalia hata kuwaua.

Kisha, na hili ndilo gumu kuliko yote, mwacheni. Zungumzeni habari za mvua, za mashamba, za jamaa walio mbali. Msihesabu matonge yake. Msimsifu kupita kiasi akila, wala msimtazame kwa hasira asipokula. Wala pasiwe na mtu wa kumshika kidevu, kumziba pua au kumtia chakula kwa nguvu. Mtoto anayelia huku chakula ki kinywani huvuta pumzi, na chakula huweza kuingia katika njia ya pumzi. Tumekwisha eleza yaliyotupata. Twashukuru kwamba hayakupita pale.

Lakini je, adabu? Mtoto na aseme ovyo kwamba chakula cha bibi ni kibaya? Hasha. Hapa ndipo tunapotaka mtusikie vema. Tumbo la mtoto haliwezi kuamriwa, lakini ulimi wake usemao waweza kufundishwa. Mfundisheni nyumbani, kwa mchezo, kunawa mikono, kungoja wakubwa waanze, kupokea kwa mikono miwili, na kusema, "Asante bibi, nimeshiba." Mfundisheni kwamba akitia kitu kinywani kikamshinda, hugeuka pembeni akakitoa kwa staha, pasipo kupiga kelele. Mfundisheni kuketi mpaka wenzake wamalize, au mpaka aruhusiwe. Mtoto awezaye kufanya hayo ana adabu njema, hata kama sahanini pake pamebaki kuku. Na asiyeweza hana adabu bado, hata kama amemaliza sinia nzima.

Sasa tutimize ahadi yetu juu ya maradhi. Siyo kila mtoto asiyekula ni mchaguzi. Mtoto akipungua uzito, au mstari wake katika kadi ya kliniki ukilala au kushuka badala ya kupanda, akiwa na homa, akiharisha, akitapika mara kwa mara, akikohoa kila alapo au akiona maumivu kumeza, akivimba miguu, akiwa na viganja vyeupe, akila udongo, au akizidi kupunguza vyakula mpaka vibaki viwili vitatu tu, huyo apelekwe zahanati au hospitali pasipo kukawia. Tena msiache siku zinapotangazwa za kuwapa watoto dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Ulimi hauwezi kufundishwa maadamu mwili unaumwa.

Wasikilizaji, tulianza kwa habari ya jogoo, na yafaa tumalizie habari hiyo. Baada ya Noeli ile tulikwenda kwa mama, sisi wenyewe bila mtoto, tukamwomba radhi. Alituambia maneno machache. Alisema kwamba hakukasirika kwa sababu ya mtoto. Alikasirika kwa sababu chakula chake alichokipika kwa upendo kilitumiwa kumpigia mjukuu wake. Hatukuwa na la kujibu.

Mwaka uliofuata tulifanya kama tulivyowaeleza. Mwezi mzima binti alikiona kuku sahanini pake, kipande kama punje ya hindi. Mara nyingi alikisukuma kando. Mara moja alimpa paka. Mama alipoambiwa habari hizo alifika kwetu siku tatu kabla ya siku kuu, akamwita mjukuu wake, akamtia kazi ya kuchambua mchele. Binti alichambua mpaka mchele wa chini ya kikombe akatangaza kwamba ndiye mpishi.

Siku ya Noeli aliketi mkekani karibu na binamu yake, na sahani yake mwenyewe. Alikula viazi vyote. Pilau alikula vijiko viwili, kwa kuwa mchele ulikuwa wake. Kipande cha kuku alikiinua, akakigeuza huku na huku, akakilamba, akakirudisha. Kisha akasema waziwazi, kama alivyofundishwa, "Asante bibi, nimeshiba." Shangazi yake alitaka kunena neno, lakini mama alimtangulia kwa kicheko. Alisema, "Mwaka jana alinitapikia, mwaka huu amelamba. Mwakani atauma." Usiku ule mtoto alilala kwa bibi yake, naye alikataa kurudi nasi nyumbani.

Basi, wasikilizaji wetu, hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ya kinywa huenda polepole kama malezi mengine. Siku kuu itakapokuja, andaeni vyakula vizuri kadiri mwezavyo, mkamkaribishe mtoto, mkamwache ale kwa amani. Asipokula leo, karamu haijaharibika, maadamu ameketi na jamaa zake na anatamani kurudi.